Mkunga wa Jumatatu

Faili lake lilikuwa na mistari elfu tatu na ushei, na karibu nusu ya mistari hiyo haikuwa amri kwa kompyuta. Yalikuwa maneno ya mtu kwa mtu.

Ukurasa wa tovuti, kwa asiyejua, ni kama mwili na nguo. Maneno na picha ndio mwili. Nguo zake hukaa kwenye faili jingine, faili la mitindo, ambalo husema kichwa cha habari kiwe na ukubwa gani, rangi ipi ikae wapi, mstari na mstari iachane kwa umbali gani. Ndani ya faili hilo fundi anaruhusiwa kuandika lolote, mradi alifunge kati ya alama mbili maalumu. Kompyuta ikifika hapo huruka. Mafundi wengi huandika neno moja au mawili, tena kwa uvivu. Yeye aliandika kama anayemwandikia mtu barua.

Pale hospitalini walimwita Nafasi. Jina alikuja nalo kutoka kiwanda cha uchapaji, ambako alipanga kurasa kwa miaka kumi na moja akigombana na kila mteja aliyetaka karatasi ijazwe hadi ukingoni. "Mwachie msomaji mahali pa kuvutia pumzi," alikuwa akisema. Kiwanda kilipofungwa, hospitali ikamchukua atengeneze tovuti yake, ikampa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mashuka. Bati la mlangoni halikuondolewa kamwe. Kwa miaka kumi na mitano alifanya kazi nyuma ya mlango ulioandikwa MASHUKA SAFI, na hapakupita wiki bila mhudumu mgeni kuingia na kuomba mawili ya wodi ya wanaume.

"Ya leo yameisha," angejibu bila kugeuka. "Nimebakiwa na tovuti tu."

Mkewe alikuwa mkunga kwenye hospitali hiyohiyo. Walikutana kiwandani, alipoleta kadi za kliniki zichapwe, akazirudisha mara tatu kwa sababu herufi zilikuwa ndogo. Mara ya nne Nafasi alizipeleka mwenyewe, na huo ukawa mwanzo. Ni huyu mwanamke aliyedai tovuti iwe na orodha ya wakunga: sura, jina, siku za zamu. Wakubwa walicheka. Nani anachagua mkunga kama anachagua kitambaa? Akawaambia mwanamke anayekwenda kuvuliwa nguo mbele ya mtu asiyemjua ana haki ya kuiona sura ya mtu huyo kabla hajatoka kwake. Orodha ikatengenezwa.

Jioni alikaa ubavuni mwa mumewe, miguu imevimba ndani ya beseni la maji, akitoa amri. Mume akitafsiri amri kwa lugha ya mashine, kisha juu ya kila amri akiandika ilikotoka. Kwa hiyo faili lilijaa mambo kama haya:

Herufi zisipungue hapa. Anasema mama mwenye uchungu hasomi, anapapasa.

Kitufe kiwe kipana kama dole gumba. Mkono wa pili umeshika kiuno.

Hapa tulibishana siku mbili. Alishinda.

Usitumie nyekundu. Anasema nyekundu wataiona ya kutosha wakifika.

Alikufa miaka mitatu iliyopita, kwenye ngazi za wodi, mkononi ana trei ya vifaa. Mshipa ulipasuka kichwani. Madaktari walikuwa hatua ishirini kutoka pale, na walikuja mbio wote. Hakuna aliyechelewa wala aliyezembea, na labda hilo ndilo lililomkaa Nafasi kooni kuliko yote: hakupewa hata mtu wa kumchukia.

Wiki moja baada ya mazishi karatasi iliteremshwa kutoka utawala, mstari mmoja tu: marehemu aondolewe kwenye orodha ya wakunga. Alikuwa wa tatu kwenye orodha. Jumatatu na Alhamisi.

Kumfuta ilikuwa kazi ya sekunde mbili. Alikaa mbele ya jina lile asubuhi nzima. Halafu akafanya jambo ambalo fundi yeyote wa mitindo anaweza kulifanya, na ambalo hakuna mtu wa fani nyingine angelifikiria. Hakumfuta. Alimficha. Aliandika kwenye faili la mitindo kwamba huyu, wa tatu, asionekane.

Kuficha kuna namna mbili. Ya kwanza humwondoa mtu machoni lakini mahali pake pakabaki wazi, kama kiti kwenye meza. Alianza na hiyo. Ilidumu siku nne, mpaka karani wa utawala alipopiga simu: "Fundi, orodha yako ina shimo. Rekebisha." Akatumia namna ya pili, ambayo hufunga hata pengo, wa pili na wa nne wakasogeleana kama hapakuwahi kuwa na mtu kati yao. Juu ya amri hiyo akaandika: Mstari huu usiguswe. Yupo, ila haonekani.

Tangu siku hiyo kila aliyeifungua orodha ya wakunga alimpokea na yeye. Jina lake, sura yake, Jumatatu na Alhamisi, vyote vilisafiri hewani vikaingia kwenye simu ya mtu na kukaa humo kimya. Alikuwa akiwafuata wajawazito hadi mifukoni mwao. Nafasi hakumwambia mtu, hata shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye naye alikuwa mkunga na ambaye walitaniana kila siku kwenye foleni ya chai. Lilikuwa jambo dogo. Halikumdhuru mtu. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na kwa miaka mitatu ilikuwa kweli.

Kisha tovuti ikawa nzito.

Hapa lazima aelezwe Mkurugenzi. Alikuja baada ya msiba ule, mtu mrefu, msafi, mwenye sauti ya kusoma hotuba hata akiagiza maji. Jambo lake la kwanza lilikuwa kupigwa picha. Picha ilikuwa nzuri, na kubwa kiasi cha kutosha ukuta wa ghorofa mbili. Ikaagizwa iwekwe juu ya kila ukurasa. Nafasi aliivalisha mitindo ikaonekana na ukubwa wa kiganja, lakini mitindo hupunguza umbo tu, haipunguzi uzito. Kila simu ilibeba kwanza ukuta mzima ndipo iukunje uwe kiganja. Alijaribu kuibana picha yenyewe. Siku ya pili katibu muhtasi akashuka hadi stoo ya mashuka.

"Fundi, bosi anauliza mbona amepauka."

"Hajapauka. Nimeibana picha ili akina mama wa mbali wasisubiri."

"Mimi sijui kubana. Najua amepauka. Rudisha ya mwanzo, baba, usiniletee maneno na mwaka wangu wa kustaafu huu."

Akairudisha. Malalamiko yakaanza kuja kutoka sehemu zenye mtandao hafifu: ukurasa haufunguki, mtu anasubiri hadi simu inazima. Mkurugenzi akaitisha kikao juu ya uzito wa tovuti. Watu kumi na wawili walikaa chini ya picha ileile iliyotundikwa ukutani, wakatafuta chanzo cha uzito kwa saa mbili, na hakuna aliyeinua macho. Iliamuliwa aletwe mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane, mwembamba, mwenye mkoba wa mgongoni na tabia ya kumaliza sentensi za wenzake. Wiki haikuisha kabla hawajamwita Wembe. Alilijua jina hilo na hakuchukia.

"Shikamoo, mzee," alisema siku ya kwanza, akitafuta pa kukaa.

"Marahaba. Mzee ni kompyuta hii. Mimi bado naitumikia."

Alilifungua faili la mitindo, akaliteremsha, akaliteremsha tena. Akasoma kwa sauti: "Nyekundu wataiona ya kutosha wakifika." Akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Nani alisema?"

"Mke wangu."

"Mzee, hii si mitindo, hii ni shajara." Alisema kwa upole. "Sasa sikiliza. Mashine haisomi haya. Haihitaji nafasi ulizoacha, haihitaji mstari mpya, haihitaji majina marefu. Tutapitisha programu: itoe maandishi yako yote, ikaze kila kitu kiwe mstari mmoja. Herufi elfu tisini zitabaki elfu thelathini. Na mitindo isiyotumika tutaitupa."

"Na hili langu?"

"Linabaki. Siku zote yanakuwa mawili. La watu na la mashine. Unaandika kwenye la watu, programu inatengeneza la mashine, ndilo linalotoka nje. Hapotei mtu."

"Hapotei mtu," alirudia.

"Ila uzito wenyewe, mzee, unajua uko wapi." Alielekeza kidevu juu, ghorofani.

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema kwa kubana. Nikaambiwa amepauka."

Wote wawili walicheka, na kwa muda ule mfupi stoo ya mashuka ilikuwa mahali pazuri.

Wembe alifanya kazi Ijumaa hadi Jumapili. Jumapili jioni tovuti mpya ilikuwa hewani. Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, mlango wa MASHUKA SAFI ulisukumwa kwa bega. Shemeji yake alisimama pale amevaa glavu, mikono ameiinua kama anayejisalimisha.

"Shemeji," alisema. "Dada yangu anafanya nini kwenye simu za watu?"

Nafasi hakuelewa. Au alielewa, miguu ndiyo haikuelewa, maana alinyanyuka akakaa tena.

"Inuka. Njoo uone."

Kwenye benchi la mapokezi ya wazazi aliketi mwanamke mwenye mimba iliyoshuka, viatu amevivua, kanga amejifunga juu ya gauni. Alikuwa ametoka mbali, vumbi lilikuwa kwenye nyusi zake. Simu aliishika mbele yake kama kitambulisho. Kwenye kioo, kati ya mkunga wa pili na wa nne, alikuwapo mke wa Nafasi, anatabasamu kwa upande mmoja kama alivyotabasamu siku ile, kwa sababu mpiga picha alikuwa mumewe na alikuwa akimwambia asitabasamu.

"Wewe ndiye wa kompyuta?" mwanamke aliuliza. "Hebu waambie hawa. Wananizungusha tangu alfajiri. Si imeandikwa hapa Jumatatu?"

"Imeandikwa."

"Na leo si Jumatatu?"

"Ni Jumatatu, mama."

"Basi namsubiri. Sitaki mwingine. Wa kwanza wangu alikaa kombo, wote walisema nipasuliwe, huyu akamgeuza kwa mikono yake, taratibu, huku ananipigia hadithi za mumewe anayegombana na karatasi." Alivuta pumzi, akakunja uso, akasubiri uchungu umpite. "Nilimtafuta kwenye orodha mimba yote hii, hayumo. Nikajua amehama. Jana usiku nafungua, huyu hapa. Nikamwambia mume wangu, funga mzigo."

Shemeji alimvuta Nafasi hadi nyuma ya nguzo.

"Njia imeshafunguka nusu," alinong'ona. "Nikimwambia sasa, nitambakisha na hofu badala ya nguvu. Nimeona wanaokata tamaa katikati. Sitaki kumwona mwingine."

"Utamwambiaje?"

"Wewe nenda. Umeshasema ya kutosha."

Akarudi benchini, akavua glavu, akachuchumaa mbele ya yule mwanamke. "Yuko njiani," alisema. "Amesema tuanze, atatukuta."

Walisema hivyo kwa saa tano. Kila aliyeingia chumbani alirithi uongo huo kama zamu. Amefika wapi? Amefika getini. Mbona haji? Anabadilisha nguo. Nafasi hakwenda. Alisimama kwenye korido, nje ya mlango, akasikia mkewe akiitwa kwa jina, kwa sauti ya juu, na sauti ya shemeji ikijibu: huyo anakuja, sukuma, huyo anakuja. Katika miaka mitatu hakuna aliyekuwa amelitamka jina lile kama la mtu anayeweza kuitika. Alijikuta akilisikiliza kwa hamu. Alijua ni aibu, na hakuondoka.

Mtoto alizaliwa saa nane na nusu, wa kike, mzima. Mama alipotulizwa na kufunikwa aliuliza, "Hakuja?" Ndipo shemeji akamwambia.

Mwanamke hakulia. Aligeukia ukutani. "Mngeniambia tu," alisema. "Nimezaa namwita maiti."

Jioni ileile mume wa mzazi huyo alipanda ghorofani kwa Mkurugenzi kulalamika.

Wembe ndiye aliyegundua kilichotokea, na alikieleza bila kujificha. Orodha ya wakunga haikai kwenye ukurasa. Huja pale mtu anapobonyeza kitufe kile kipana kama dole gumba. Programu ya kupunguza ilifungua kila ukurasa, ikatazama ni mitindo ipi inayovaliwa, na isiyovaliwa ikaitupa. Lakini programu haibonyezi vitufe. Haikumwona mkunga yeyote. Mitindo mingine ya orodha ilisalimika kwa kuwa ilitumiwa na kurasa nyingine. Amri moja tu ilikuwa ya mtu mmoja peke yake. Na onyo lililokuwa juu yake, usiguswe, lilikuwa limeshafutwa hatua moja kabla, pamoja na maneno mengine yote.

Jumanne saa nne walikuwa ofisini kwa Mkurugenzi: Nafasi, Wembe, shemeji, na katibu muhtasi aliyekuwa akiandika.

"Nataka kuelewa," Mkurugenzi alisema. "Miaka mitatu iliyopita utawala uliagiza jina liondolewe. Liliondolewa au halikuondolewa?"

"Liliondolewa machoni."

"Sijauliza macho."

"Halikuondolewa, mheshimiwa. Nililificha."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nafasi alitazama mikono yake. "Hakuna fomu ya kuomba hilo."

"Mheshimiwa, kosa lililoleta tatizo ni langu," Wembe aliingilia. "Nilipaswa kujaribu orodha kabla ya—"

"Wewe umepunguza herufi elfu sitini. Umefanya kazi uliyoletewa." Mkurugenzi alimgeukia tena Nafasi. "Hospitali hii inahangaika tovuti iwe nyepesi, na wewe umeweka humo mtu asiyekuwepo. Mnabebesha wananchi mizigo."

Pengine ni neno mzigo lililomchoma. Nafasi alikuwa mtu mpole. Waliomjua wanasema hawakuwahi kumsikia akipandisha sauti, na hata siku ile hakupandisha.

"Nilimpima," alisema. "Jina, siku, na picha yake niliyoibana mwenyewe. Anaingia mara mia sita ndani ya picha yako, na bado nafasi inabaki."

Kalamu ya katibu ilisimama. Shemeji alikohoa kikohozi kisichokuwa kikohozi. Wembe alitazama kapeti. Ilikuwa mara ya kwanza jambo lile kusemwa ndani ya jengo, na Nafasi aliwatazama mmoja mmoja, akingoja mtu wa pili aseme ni kweli. Wembe alifungua mdomo, akaufunga. Mkataba wake ulikuwa bado na miezi miwili.

"Picha," Mkurugenzi alisema, "ni taswira ya taasisi. Itabaki. Marehemu atatoka leo, atatolewa na aliyemweka, na mtaalamu atathibitisha kwa maandishi. Asanteni."

Kwenye ngazi, zile zile ngazi, shemeji alimshika mkono.

"Nilidhani wewe na mimi tulimaliza msiba pamoja," alisema. "Kumbe mwenzangu ulikuwa na wako wa pembeni. Hebu niambie, dada yangu ulimzika, au ulimweka kabatini?"

"Shemeji, usinitanie leo."

"Sitanii. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Kwa vidole hivi. Jana nimeshinda nikisema yuko getini, anabadilisha nguo, mpaka mara moja niligeuka kutazama mlangoni." Aliuachia mkono wake. "Mfute, shemeji. Kama unamtaka, njoo kwangu tumzungumze. Lakini pale mtoe."

"Nitamtoa. Maneno yake yapo kwenye faili la watu. Hayo yananitosha."

Alishuka hadi stoo ya mashuka, akamkuta Wembe ameketi bila kuvua mkoba wa mgongoni. Alikuwa amefungua faili. Lilikuwa mstari mmoja mrefu usio na mwanzo wala mwisho, herufi zimebanana kama meno.

"Fungua la watu," Nafasi alisema.

Wembe aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Lile langu. La awali. Nitoe amri zake, halafu nilinakili nikae nalo."

"Mzee, wewe ulikuwa unafanya kazi kwenye faili lenyewe lililo hewani. Nilidhani unayo nakala kwenye kompyuta yako. Programu ilipomaliza, ilihifadhi kwa jina lilelile. Juu ya lilelile."

Ndivyo walivyofanya kazi mafundi wa zamani, moja kwa moja kwenye faili lililo hewani, bila nakala, kama fundi bomba anayebadilisha koki bila kufunga maji. Nafasi alilijua hilo. Wembe naye alijua kwamba kabla ya kukata chochote unaweka pembeni kizima. Ni somo la wiki ya kwanza. Kila mmoja alidhani mwenzake anayo nakala.

"Hapotei mtu," Nafasi alisema. Hakusema kwa kejeli. Alisema kama anayejaribu kukumbuka alilisikia wapi.

"Ngoja. Iko programu ya kulifungua tena." Vidole vyake vilikimbia, na ule mstari mmoja ukapasuka, ukashuka, kila amri ikakaa mahali pake, nafasi sawasawa, nadhifu kuliko hata alivyokuwa akiziacha yeye. "Umeona? Limerudi."

Mzee aliliteremsha polepole. Nafasi zote zilikuwepo. Herufi kubwa zilikuwepo, lakini hapakuandikwa kwa nini. Kitufe kilikuwa kipana na hakuna aliyekuwa ameshika kiuno. Zilikuwepo siku mbili za ubishi kwenye umbali kati ya picha na jina, ila nani alishinda haikuandikwa. Mashine ilijua kurudisha pumzi. Maneno haikuwahi kuyasikia.

"Nitakusaidia kuyaandika upya," Wembe alisema. "Niambie unayoyakumbuka, naandika."

Alijaribu. Alisema lile la dole gumba. Alisema la mama anayepapasa. Akafika kwenye nyekundu, akasimama. Mkewe alisema nyekundu wataiona ya kutosha wakifika, au alisema wataiona tu wakifika? Au ni yeye aliyeongeza "ya kutosha" kwa kuwa ilikaa vizuri kwenye mstari? Wembe alikuwa ameyasoma kwa sauti, akaulizwa. Naye hakuwa na hakika.

"Basi acha," alisema Nafasi.

Alifungua orodha ya wakunga. Akaweka kidole, akabonyeza, na wa tatu akatoka: jina, sura, Jumatatu, Alhamisi. Wembe akaandika barua yake ya uthibitisho, akatia sahihi, akainuka. Mlangoni alisimama kidogo. "Ningesema pale juu," alisema. "Kuhusu picha."

"Najua ungesema."

Alipobaki peke yake aliongeza amri moja kwenye faili la mitindo. Kati ya mkunga wa pili na wa nne uachwe umbali, upana wa kiganja, bila kitu. Programu hula nafasi zilizoachwa na mkono. Nafasi iliyoamriwa hailiwi, hiyo ni sheria ya mitindo na yeye aliijua kuliko mtu yeyote. Aliijaribu mara mbili. Ilipita.

Ilidumu hadi Ijumaa. Katibu muhtasi alipiga simu, sauti ya chini.

"Fundi, bosi anaangalia orodha kwenye simu yake. Anauliza pale katikati kuna nini."

"Hakuna kitu."

"Ndicho anachosema. Kama hakuna kitu, pafunge."

Akapafunga. Wa pili na wa nne wakasogeleana. Kisha, kwa mazoea ya kazi, alichukua simu yake ya zamani, ile anayopimia, akaifungua tovuti kutoka mwanzo kama angeifungua mtu wa mbali, akatazama saa. Ilichukua muda uleule. Juu ya kioo kilianza kushuka kipaji cha uso cha Mkurugenzi, ukanda baada ya ukanda. Baada ya muda nyusi. Kisha kikasimama hapo, na chini yake palikuwa peupe, na kitufe cha wakunga kilikuwa hakijafika.